Sura ya Saba: Sindano Kwenye Mfuo wa Nne

Gari la Mbeya lingeondoka saa nane. Koplo Kefa Mwashiuya alitazama jua, akatazama saa yake ya mkononi, ambayo haikuaminika tangu masika yaliyopita, kisha akalitazama jua tena. Ilikuwa saa nne na ushei. Ndani ya muda huo mfupi ilimpasa aamue kama Amoni Sinkala, fundi wa baiskeli na pikipiki hapo Tunduma, atapakiwa na pingu zake kwenda kujibu shtaka la kumgonga mama wa watu na kumwacha barabarani, au atarudi nyumbani kwa mkewe. Bwana Inspekta alikwisha kuandika kwa mkono wake kwamba ushahidi unatosha. Nusu siku hii Kefa aliiomba mwenyewe, naye Bwana Inspekta akampa kama mtu anayempa mtoto kipande cha muwa ili anyamaze.

Ushahidi wenyewe ulikuwa umesimama mbele yake, katikati ya banda la Amoni lisilo na mlango wala ukuta wa mbele. Pikipiki yenye miguu mirefu, tumbo limeinuliwa juu, matairi yana meno kama jembe la kuparia. Haikuundwa kwa mbio. Wazungu wa mashamba ya kahawa ya Mbozi walikuwa na mchezo wao wa kupandisha pikipiki kwenye miamba na makorongo, polepole, na anayetia mguu chini anahesabiwa kosa. Mmoja wao alipofunga safari ya kurudi kwao alimwuzia mashine hiyo Ezron Silwimba, mwenye duka kubwa na mzee wa kanisa. Toka Mbozi hadi mpakani haikuwapo nyingine ya namna ile.

Jumamosi jioni, karibu na daraja la Ihanda, pikipiki yenye matairi ya meno ilimgonga Anastazia, mama mmoja aliyekuwa akirudi nyumbani na debe la maharage kichwani. Mpandaji hakusimama. Mama huyo alivunjika nyonga na mguu. Aliongea maneno machache kwa waliomwokota, na tangu Jumapili asubuhi hakuwa ameongea tena. Alikuwa amelala hospitali ya misheni, na akifa, shtaka la Amoni lingebadilika jina.

Ezron Silwimba alipoulizwa alijibu kwa utulivu kwamba pikipiki yake ilikuwa kwa fundi tangu Alhamisi, na kwamba yeye ni mtu wa mizani na vitambaa, mkono wake haujui spana. Kefa aliyaandika maneno hayo na Ezron akatia sahihi. Amoni kwa upande wake alisema kwamba Ijumaa aliing'oa kabureta, akaiacha juu ya meza ndani ya karai, na Jumamosi alfajiri akavuka ng'ambo, upande wa Rhodesia, kumwomba mulamu wake wa Nakonde, yaani shemeji yake, kaka wa mkewe Nesta, waya wa mafuta. Alirudi Jumapili jioni akakuta mashine iko palepale, ila kabureta imefungwa mahali pake na askari wawili wanamngoja. Barua ya kumwuliza huyo mulamu ingechukua siku tatu kwenda na kurudi, maana polisi wa huku hawezi kuvuka kama mnunuzi wa kitenge.

"Kuanzia Jumapili hakuna aliyeigusa," Kefa alimwambia Amoni. "Nawe huigusi. Kaa pale kwenye gogo unielekeze. Nataka niing'oe mimi."

Amoni aliketi, mikono yenye pingu ameilaza mapajani. Mkewe, Nesta, alisimama karibu na nguzo na mtoto wao wa wiki sita mgongoni, akijitikisatikisa ili asiamke. Alikuwa ameleta ugali kwenye bakuli lililofunikwa, na hakuna aliyekumbuka kula.

"Funga koki kwanza, Afande," Amoni alisema. "Chini ya tangi. Hapana, huko unafungua."

Petroli ilimwagikia Kefa kiganjani. Akafunga. Akaelekezwa kulegeza bomba jembamba linaloshusha mafuta, kisha nati mbili zinazoibana kabureta kwenye injini. Nati ya nje ilitoka kwa urahisi. Ya ndani ilijificha nyuma ya fremu, na spana haikupata nafasi ya kuzunguka. Amoni akasema juu ya meza kuna spana iliyopindwa, aliipinda mwenyewe kwa moto kwa ajili ya nati hiyo tu.

Kefa aliishika ile spana, akaigeuza. "Kwa hiyo asiye na spana hii hawezi kuifunga."

"Hawezi."

"Na spana ni yako."

"Ni yangu, lakini inakaa mezani, na banda halina mlango. Kila mtu anaiona."

Hilo halikumsaidia. Kefa aliandika kwenye daftari, akazunguka pikipiki mara mbili pasipo sababu, akarudi kwenye nati. Ilitoka baada ya robo saa na ngozi ya kidole chake. Kabureta ikabaki inaning'inia kwa waya wake, nzito kuliko alivyodhani. Akakifungua kikombe cha pembeni panapotulia mafuta, akakimimina juu ya karatasi nyeupe aliyokuja nayo.

Petroli ilikauka haraka. Yaliyobaki yalikuwa mchanga kidogo na nyuzi tatu za rangi ya bluu iliyokoza.

Kefa aliinama hadi pua ikakaribia karatasi. Nyuzi za kaniki. Akavuta daftari, akarudi kurasa nne nyuma. Anastazia alikuwa amevaa kaniki, na upande mmoja wa nguo yake ulikuwa umechanika, kipande hakikupatikana.

"Amoni, nyuzi hizi zimeingiaje humu?"

Amoni alizitazama, kisha akatazama chini. Kefa alirudia swali. Fundi akalamba midomo, akasema hajui, labda upepo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu akamatwe kujibu hovyo, na Kefa alihisi nusu siku yake imekwisha. Alimwambia waziwazi kwamba jibu la upepo litamfikisha Mbeya kabla ya giza.

"Mwambie ukweli, baba Lusungu," Nesta alisema kutoka kwenye nguzo. "Uso wako nauona."

Amoni alikohoa. Akasema, bila kuinua kichwa, kwamba petroli ya madebe ina kutu, na kuwa mafundi wenye uwezo huichuja kwa ngozi laini, naye hana. Kwa hiyo alichana kitambaa. Kitambaa chenyewe kilikuwa upande wa mbeleko.

"Mbeleko ya nani?" Nesta aliuliza.

"Ile ya kaniki. Kidogo tu, mwishoni."

Nesta aliivuta pembe ya mbeleko mbele, akaitazama. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mwezi mzima amemnunia mke wa Kasiani, jirani yao, akidhani ndiye aliyekichana kitambaa hicho, na kwamba Jumapili iliyopita alikataa kukaa naye benchi moja. Akamfungua mtoto mgongoni, akampakata, akamtupia Kefa mbeleko. "Tazama mwenyewe, Afande. Na kichujio chake kitakuwa chini ya meza, huko huficha vitu vyake vyote."

Kilikuwa chini ya meza, kimefungwa juu ya mdomo wa kopo. Kefa alikifungua akakilaza kando ya mbeleko. Mchaniko uliingiana na mchaniko, uzi kwa uzi, hata doa moja la uji lilikuwa nusu huku na nusu kule. Nyuzi za kwenye kikombe hazikutoka kwenye nguo ya Anastazia. Ushahidi huo wa uongo alioufuata kwa nusu saa Kefa aliukata kwa mstari daftarini, kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka.

Saa tano na nusu. Upepo wa mpakani ulianza kurusha vumbi bandani. Kefa alimwuliza fundi kama kuna kitu kingine ndani ya chombo hicho kinachoweza kusema nani alikifunga.

"Zungusha kofia ya juu," Amoni alisema. "Vuta taratibu. Itatoka na waya, na springi, na sindano."

Kilitoka kipande cha shaba cha mviringo, na katikati yake sindano ndefu nyembamba. Kichwani mwa sindano palikuwa na mifuo mitano midogo, vijia vilivyochongwa kuizunguka, na kibanio kidogo cha chuma kimeshika mmoja wao. Amoni alinyanyuka kwenye gogo pasipo ruhusa.

"Hiyo si kazi yangu."

"Kaa. Eleza."

Alikaa, lakini kwa ncha tu ya makalio. Akaeleza haraka, na Kefa alimsimamisha mara tatu ili aelewe. Kibanio kikikaa juu, sindano inashuka na petroli inapita kidogo. Kibanio kikishuka, sindano inapanda na petroli inapita nyingi. Huku juu, Tunduma na Mbozi yote, hewa ni nyepesi, injini haitaki mafuta mengi. Yeye huweka mfuo wa pili kutoka juu, kwa kila pikipiki, siku zote. Hiki kilikuwa mfuo wa nne.

"Na wa nne huwekwa na nani?"

"Watu wa bondeni, Afande, kule kwenye joto, hewa nzito. Mtu aliyejifunza kazi huko mkono wake unakwenda wa nne kabla hajafikiri."

"Mashine ikiwekwa hivyo hapa, inafanyaje?"

"Inakohoa. Inatoa moshi mweusi kama jiko la kuni mbichi. Toa plagi uone, Ijumaa niliisugua ikawa nyeupe."

Kefa aliitoa plagi. Ilikuwa nyeusi, ina masizi laini yaliyomshika vidoleni. Akarudi tena kwenye daftari, kwenye maneno ambayo waliomwokota Anastazia walisema ameyatamka. Alikuwa ameyaandika bila kuyajali: *nilisikia inakuja inakohoa kama mgonjwa wa kifua, nikapisha, moshi wake mweusi.*

Alitembea hadi barabarani na kurudi. Kwa hiyo Jumamosi jioni sindano ilikuwa tayari kwenye mfuo wa nne. Aliyeifunga alitaka mashine iende vizuri, maana hakuna anayeiharibu pikipiki kwa makusudi kisha akaipanda. Aliamini amepatia. Alikuwa fundi, tena si fundi wa huku. Hayo yalikuwa mawazo mazuri, lakini Bwana Inspekta angesema tu kwamba fundi mwenyewe ndiye shahidi wa sindano yake.

Basi akajaribu. Kwanza alichora sindano na kibanio kama alivyovikuta. Kisha akahamisha kibanio kwenye mfuo wa pili, akarudisha kabureta yote kwa maelekezo, akaisugua plagi, akapiga kiki. Mara ya saba mashine iliwaka na kunguruma sawasawa, moshi wake hauonekani. Akaizima, akafungua, akarudisha mfuo wa nne, akafunga. Ikawaka kwa shida, ikatetema, ikakohoa, na bomba likatoa moshi uliomfanya mtoto apige chafya. Nesta alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akamfuta mtoto pua kwa kidole.

Vidole vya Kefa vilivuja damu mahali pawili. Aliiacha kabureta imefungwa hivyohivyo, akawakataza wote wawili kutaja walichokiona ndani yake, akamwita mpita njia akamtuma dukani kwa Ezron Silwimba. Aseme Koplo anataka kumkabidhi pikipiki yake.

Ezron alikuja upesi. Alikuwa mtu mnene kidogo, shati safi, mkononi ameshika kofia ya ngozi ya kupandia pikipiki. Alimsalimu Kefa, akamsalimu Nesta kwa kumwita binti yangu, akampita Amoni kama mtu anayepita gogo. Alisema anashukuru, maana Jumapili ijayo mashindano ya wazungu yanafanyika kule Mbozi, na kwa mara ya kwanza wamemruhusu Mwafrika kupanda nao. Jina lake limekwisha kuandikwa. Watu wa kanisani wanataka kuja na lori zima kumtazama.

Kefa alisema hilo ni jambo kubwa. Akamwuliza, kwa ajili ya hati ya makabidhiano tu, kama amewahi kuifungua mashine hii mwenyewe.

"Nimekwambia jana, Koplo. Mimi napanda. Ya ndani ni ya fundi."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Kefa aliandika, akampa asaini. Aliazimia kumwuliza baada ya hapo mahali alipofanya kazi kabla ya duka, na kulitafuta jina lake kwenye orodha za kodi za bondeni, kazi ambayo isingekwisha kabla ya saa nane. Lakini kwanza alipiga kiki ili mwenyewe aone hali ya chombo chake. Pikipiki ikawaka, ikakohoa, ikatema moshi.

Ezron alikunja uso. "Ndivyo ulivyoitengeneza, Amoni? Na vidole vyote hivyo?"

Kefa alitaka kusema neno, Amoni akamtangulia. Siku nzima alikuwa mpole, lakini hili lilimchoma.

"Mimi sijaitengeneza hivyo, Mzee. Aliyeiweka sindano hiyo ni mtu wa kubahatisha."

"Sindano gani? Usijifiche nyuma ya sindano."

"Mtu aliyeshika spana akiwa amelala. Hata huyu Lusungu mikononi mwa mama yake angeweka vizuri zaidi."

"Wewe unajua nini?" Ezron aliivaa kofia, akaivua. Shingo yake ilikuwa imejaa. "Umejifunza kwa kufungua baiskeli za makatekista. Sisi Saza mgodini, kule bondeni, tulikuwa na pampu, tulikuwa na mashine za umeme, tulikuwa na pikipiki sita za mabwana. Miaka mitano. Zote mfuo wa nne, na zilikuwa zinaimba. Kama hii inakohoa ni kwa uchafu wako, wa nne haukosi."

Mashine iliendelea kutetema katikati yao. Kefa alinyoosha mkono akaizima.

"Nani amekutajia wa nne, Mzee Ezron?"

"Amesema yeye. Sindano."

"Amesema sindano. Hajasema mfuo. Kabureta imefungwa, na mkono wako haujui spana. Umesaini mara mbili."

Ezron aliitazama kabureta kana kwamba ingemjibia. Alianza kusema kwamba amekisia, kwamba mtu yeyote aliyewahi kufika Saza angekisia. Kefa hakumbishia. Alimfungulia daftari mahali palipo na maneno ya Anastazia, akamwachia ayasome mwenyewe, kwa kuwa alijua kusoma. Alisoma. Akasoma tena. Kisha akakaa kwenye gogo, kando ya Amoni, na gogo likalalamika.

Alieleza bila kuulizwa zaidi. Jumamosi mchana alikuja kuiona mashine, akakuta fundi hayupo na kabureta iko kwenye karai. Wiki moja ilibaki. Miamba ya Ihanda ndiyo inayofanana na ile ya Mbozi, na hakutaka kwenda kuchekwa na wazungu akitia mguu chini kila hatua. Aliifunga mwenyewe, akaenda, akafanya mazoezi kwenye mawe mpaka jioni. Kwenye daraja, akirudi, injini ilikuwa inamzimikia, akawa anaitazama injini badala ya barabara. Alisikia kishindo cha debe.

"Nikajiambia ni mzigo tu umeanguka," alisema. "Maharage tu."

"Ukairudisha hapa bandani kimyakimya," Kefa alisema, "ukamwachia Amoni kosa."

"Ningemtafutia wakili. Nilikwisha kuamua. Wakili mzuri, wa Kihindi, wa Mbeya."

Nesta alimpandisha mtoto begani. Kisha akasema, "Shikamoo, baba," kwa sauti ya mtu anayefunga mlango, akamgeuzia mgongo.

Kefa aliandika maelezo yote, Ezron akatia sahihi ya tatu. Honi ya gari la Mbeya ilipigwa toka njia panda, mara mbili. Kefa alitoa ufunguo mfukoni, na kwa kuwa vidole vyake vilikuwa na petroli na damu uliteleza mara mbili kabla pingu hazijafunguka. Amoni alisugua viganja. Mkewe alimletea mtoto, naye akarudi nyuma hatua moja, akasema angoje anawe kwanza, amelala rumande. Nesta akamwekea tu kifuani. Mtoto alishika kifungo cha shati la baba yake akakivuta, na Amoni akabaki amesimama vilevile, kana kwamba akisogea kitu kitaanguka.

"Jioni uende kwa mke wa Kasiani," Nesta alimwambia. "Ukaseme wewe."

Ndani ya gari Kefa alimketisha Ezron nyuma, katikati ya magunia ya kahawa, naye akakaa kumkabili, daftari mapajani, karatasi yenye mchoro wa sindano imekunjwa ndani yake. Tunduma ikabaki nyuma ya vumbi. Kofia ya ngozi Ezron alikuwa bado ameishika, anaizungusha ukingoni kama mtu anayetafuta mahali ilipoanzia. Walipita vibanda vya mwisho, wakapita shamba la mtama, na Kefa alikuwa anahesabu bado maili ngapi kufika Ihanda.

"Koplo," Ezron alisema mwishowe. "Yule mama anaitwa nani?"

Kefa alimtazama. Siku mbili alikuwa amemhoji mtu huyu, na swali hilo alilisikia sasa tu.

"Anaitwa Anastazia. Gari litasimama hospitali kushusha dawa. Utashuka nami."

"Kama hajaamka?"

"Tutakaa," Kefa alisema, akalifunga daftari.